Mkanda Uliokula Bidoni la Bibi

Barua haikusema mkanda wa namna gani. Ilisema tu kwamba kila atakayekuja kwenye mafunzo ya ulinzi wa watu na matumizi ya silaha afike na mkanda wa kazi, na chini yake ikaorodhesha mzigo wa mkanda huo: tochi, redio ya mawasiliano, pingu, glavu, bandeji pamoja na ukanda wa kuzuia damu, vifuko viwili vya magazini, na ala ya bastola. Bastola yenyewe haikuwamo. Bastola hulala chuoni, na siku za mwanzo hata hiyo ni ya plastiki. Shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akaiweka juu ya cherehani yangu na kwenda kuoga. Hapa Buyenzi, Bujumbura, ukiwa na cherehani ndani, kila kinachoshonwa hukujia chenyewe. Hakuna anayekuuliza kama una nafasi.

Tangu aanze kazi shemeji alikuwa mlinda geti: kirungu, filimbi, kiti cha plastiki, na kuwafungulia wenye nyumba magari yao yakirudi usiku. Sasa kampuni yake ilitaka vijana wachache wa kumsindikiza mtu badala ya kulinda ukuta, na mshahara nao ungesogea. Alianza kutembea kifua mbele kabla hatujanunua hata uzi.

Tulianzia soko la Ruvumera, ambako wengi wetu huanzia tangu soko kuu la katikati ya mji lilipoteketea Januari 2013. Mikanda ya suruali ilikuwepo kila meza, mingi ya ngozi ya kudanganya, inayopasuka ukiitazama kwa hasira. Ya kijeshi hatukuiulizia. Mji huu ulionja vita kuanzia 1993, na mwenye akili zake hanunui sokoni kitu chenye sura ya jeshi kisha akaanza kujieleza barabarani usiku.

Wazo la gereji lilikuwa la shemeji mwenyewe, na nitampa haki yake: lilikuwa zuri. Buyenzi ni mtaa wa magereji. Barabara zetu zina namba badala ya majina, na ukizifuata huku sikio liko kwenye mlio wa nyundo utafika mahali ambapo Corolla huingia nzima asubuhi na jioni iko vipande, kila kipande na mteja wake. Fundi mmoja alimkatia mkanda wa kiti cha mbele, pamoja na wa nyuma uliokuwa haujawahi kufungwa na mtu yeyote, maana abiria wa nyuma hapa hujifunga kwa dua. Ni polista iliyofumwa kwa kukaza, upana wake karibu sentimita 5, na imetengenezwa kumzuia mtu mzima anayerushwa mbele gari linapogonga. Sindano namba 14 ninayoshonea vikwembe ilivunjika kabla ya kumaliza mstari wa kwanza. Niliweka namba 18, nikapaka uzi nta ya mshumaa, nikafunga kila maungio kwa mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake, ule unaouona kwenye mikoba ya wanajeshi na kwenye kamba za malori. Cherehani ililalamika, lakini ilipita.

Shemeji akaufunga, akapachika tochi kubwa ya betri, akaazima redio kwa mwenzake, akaongeza kufuli la mlango mahali pa pingu, akatoka sebuleni kwenda uani. Uani alifika, suruali ilikuwa bado njiani.

Bibi, yaani mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima inamwita kwa jina la wajukuu, alikuwa amekaa mkekani akichambua ndagala. Aligeukia ukuta kwa heshima. Kisha akauuliza ule ukuta: "Huyu ndiye atakayemlinda mkubwa?"

Kosa halikuwa kwenye mshono. Mkanda wa gari hauna mpinzani kwa kuvutwa, lakini mkanda wa vifaa hauvutwi. Unaning'iniziwa vitu upande wa nje, navyo muda wote vinataka kuupindua na kuushusha. Nguvu ilikuwepo kupita kiasi. Kilichokosekana ni ukakamavu. Kitu laini, hata kama kingeweza kukokota lori, kitakunjika tu ukikitundikia tochi.

Bibi akasema aweke kamba begani, mambo yaishe. Baba watoto, ambaye anafundisha historia na hawezi kuona kamba bila kuitolea somo, alifurahi mno. Alitueleza habari za ofisa wa wapanda farasi wa Kiingereza huko India, Sam Browne, aliyepoteza mkono wa kushoto vitani mwaka 1858. Mkono huo ndio unaoshika ala ya upanga isicheze, basi yeye akajitengenezea mkanda mpana wenye ukanda mwingine unaopanda juu ya bega la kulia, mzigo ukatulia, na baadaye maofisa wa majeshi mengi wakauvaa ingawa mikono yao yote ilikuwa mizima. Kutoka India akahamia hapa hapa Bujumbura, enzi hizo Usumbura, Wadachi, yaani Wajerumani, walipojenga boma lao mwaka 1897, askari wao na bandoli za risasi, misafara iliyokuja na wazee wa Kiswahili kutoka Ujiji na upande wa Kongo, hadi Wabelgiji walipoingia Juni 1916. Chai ikapoa. Shemeji alisubiri somo liishe, akasema begani hataki, atafanana na mpiga ngoma wa bendi ya shule.

Ukakamavu ukatafutwa usiku, sote tumelala.

Nyumba isiyojua kukosa maji haitaelewa sehemu hii. Bomba letu lina ratiba yake, ila halimwambii mtu. Kwa hiyo kila nyumba ina mabidoni, yale ya njano ya lita 20 yaliyokuja na mafuta ya kula, na kila bidoni lina mwenyewe. La Bibi lina kitambaa chekundu kwenye mpini ili lisipotee kwenye foleni. Lilikuwa nene kuliko mengine, la zamani, la enzi ambazo plastiki ilikuwa plastiki. Asubuhi tulilikuta limesimama mahali pake, kitambaa chake mpinini, ubavu mmoja haupo. Shemeji alikuwa amekata utepe mrefu, safi, wa upana ule ule wa sentimita 5, halafu akalirudisha lilipokuwa, sehemu iliyokatwa ikitazama ukutani. Mpaka leo sijui alitegemea nini.

Na siku hiyo maji yalikatika.

Bibi hakupaza sauti. Watu wa umri wake hawapazi sauti, wanatoa hukumu. Alimpa mwanawe kibidoni cha lita 5 na kumwambia maji yake ya kila siku yatakuja kwa hicho, safari nne badala ya moja, mpaka bidoni jipya lipatikane. Majirani wakamwona mlinzi wa wakubwa akipita na kibidoni, akirudi, akipita tena. Watoto wa barabara yetu wakaanza kumhesabia safari kwa sauti.

Lakini ule utepe ulifaa, na nilichukia kukiri mbele ya Bibi. Niliuzamisha kwenye maji ya moto ukalegea, nikaukunja kufuata nyonga, nikaushika hivyo mpaka ukapoa na kubaki na umbo. Kisha nikauingiza katikati ya mikanda miwili ya Corolla na kushona kingo zote. Ukiushika mwisho mmoja ulinyooka wenyewe hewani. Tochi ikatundikwa, haikuinama.

Hapo ndipo Mjomba alipokuja. Ni mdogo wake Bibi, mwanajeshi mstaafu, na alikuwa Mogadishu miaka ya mwanzo ya kikosi cha Umoja wa Afrika. Kikosi cha kwanza cha Burundi kilifika kule Desemba 2007, miezi tisa baada ya Waganda, na watu wetu wakaweka kambi kwenye majengo ya chuo kikuu cha taifa cha zamani. Mjomba hasimulii Mogadishu. Muulize habari za huko atakuuliza bei ya mchele. Ila alipouona ule mkanda juu ya meza, na jinsi shemeji alivyovipanga vitu vipendeze, aliweka kikombe chini akaanza kuving'oa kimoja kimoja.

Cha kwanza kilikuwa redio, iliyokaa katikati ya mgongo. "Ukianguka chali juu ya hii, uti wa mgongo ndio utakaoipokea." Ikahamia kushoto, ili mkono wa kulia ubaki na kazi yake moja. Ala ya bastola upande wa kulia, sawa na mshono wa suruali, na mbele yake pasikae kitu. Magazini upande wa kushoto, risasi zikitazama mbele, ili kidole cha shahada kikishuka kiiguse ncha ya risasi na mkono ujue umeshika upande gani bila kuuliza macho. Pingu ndani ya kifuko chenye mfuniko, zisilie njia nzima. Alipofika kwenye bandeji, ambayo shemeji aliificha nyuma kwa sababu ilikuwa kubwa na mbaya, alinyamaza kidogo. Akaileta mbele kushoto, na ukanda wa kuzuia damu akauweka karibu na kitovu. Akamwambia shemeji aifikie kwa mkono wa kulia. Akaifikia. Kwa wa kushoto. Akaifikia.

"Mkono utakaobaki na kazi haujulikani mapema," alisema, akaomba sukari.

Alisema pia kwamba mkanda mmoja hautoshi. Unatakiwa wa ndani, mwembamba, upite kwenye vitanzi vya suruali, na wa nje wenye mzigo uung'ang'anie kwa velkro, ili mtu akirudi nyumbani avue mzigo bila kuvua suruali. Ushauri huo ulimgharimu mwanangu wa mwisho. Velkro inauzwa mjini kwa mita, na shemeji alitumwa na pesa mkononi. Ila viatu vya shule vilikuwa karibu zaidi, na vilikuwa na velkro. Jumatatu mtoto alikwenda darasani na viatu vilivyofungwa kwa vipande vya kikwembe, mafundo juu, akarudi na karatasi ya mwalimu.

Ikabaki ala. Fundi viatu wa barabara ya pili alikuwa na ngozi nzuri, na anajua kazi: ngozi inalowekwa mpaka inalainika, inabanwa juu ya umbo la kitu chenyewe, inafungwa, inaachwa ikauke na kubaki na umbo hilo. Kitu chenyewe ndicho hatukuwa nacho. Tulikuwa na karatasi ya chuo yenye mchoro wa bastola ya mafunzo kwa kipimo chake halisi. Shemeji akataka kuichonga kwa mti. Nilimwambia mti wenye umbo hilo hautalala kwenye nyumba ambayo mimi nimeandikwa. Msomaji wa mji mwingine ataona ni woga. Hapa Bujumbura kila nyumba ina kaye yake yenye majina ya wanaolala ndani, na tunakumbuka asubuhi ambazo polisi walifunga mtaa na kupekua mlango kwa mlango. Vita viliacha silaha majumbani, chini ya vitanda na ndani ya magunia ya maharage. Sheria ya silaha ndogo ilitoka Agosti 2009 na watu wakahimizwa kuzirudisha. Huwezi ukachonga bastola uani na kutegemea watu wacheke.

Bibi alinyanyuka bila neno, akarudi na muhogo.

Ulikuwa mnene, umenyooka, na kwa kweli mti gani ungechongeka vile? Kwa kisu cha jikoni na ile karatasi, shemeji alitoa mtutu, mpini, hata ile pete inayozunguka kifyatulio, maana Mjomba alisisitiza kwamba ala isiyoifunika pete hiyo yote ni mfuko wa ndizi tu. Tukauzungushia kitambaa chembamba, ngozi mbichi ikabanwa juu yake na kufungwa kwa kamba, na mzigo wote ukatundikwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya shuka na sare za shule. Mpini ulikuwa nje.

Sijui ni nani aliyepita na kutazama juu ya ukuta. Jioni, ngozi ikiwa imeshika umbo, Bibi aliutoa muhogo wake, akamenya lile tabaka la juu lililoguswa na mikono, akaukata na kuuweka jikoni, kwa kuwa chakula hakitupwi. Magharibi ilikuwa imeingia tuliposikia hodi. Alikuwa nyumba kumi wetu, yaani mkuu wa nyumba zetu kumi, na nyuma yake vijana wawili wasiotaka kuingia wala kubaki nje.

"Karibu, mwanangu," Bibi alisema.

"Ahsante, mama. Hatukai. Mama, tumeambiwa kwenye kamba yenu ya nguo kuna ala ya bastola."

"Ipo. Haijakauka vizuri."

"Na bastola?"

"Iko chunguni."

Mmoja wa wale vijana alirudi hatua moja. Baba watoto alifungua mdomo aanze na Wadachi, nikamkanyaga mguu. Nyumba kumi alitutazama mmoja mmoja, akaomba kwa adabu sana mfuniko uinuliwe. Bibi akainua. Mvuke ukampiga usoni, akausubiri upite, akainama. Vipande vilikuwa vimeanza kupasuka, lakini pete ya kifyatulio ilikuwa bado nzima, imeelea juu, haina shaka yoyote.

Kwa haki yake hakucheka mpaka kazi ilipokwisha. Aliomba kaye ya nyumba, akaita majina, kila aliyeitwa akaitika. Aliisoma barua ya kampuni mwanzo hadi mwisho, akaukagua muhuri kwenye mwanga wa simu, akaivua ala kwenye kamba, akaitazama ndani, akaandika kwenye daftari lake mistari ambayo ningelipa kuisoma. Ndipo akauliza swali moja lililobaki: muhogo ni mtamu au mchungu? Lilikuwa swali la mtu anayejua dunia, maana mchungu usiporowekwa siku kadhaa ni sumu, na nyumba iliyoficha bastola ingeweza pia kuficha hilo. Bibi akamwambia ni mtamu, wa shambani kwa dada yake. Wakakaa. Waliimaliza bastola na ndagala za kukaanga, na kijana aliyerudi nyuma ndiye aliyeomba mtutu.

Usiku ule ule shemeji akaanza mazoezi, na nyumba haikupumzika tena. Alisimama katikati ya sebule amefumba macho, watoto wakimtajia vitu: "Tochi! Pingu! Bandeji!" Mkono ulikuwa unapaswa kufika wenyewe. Haukufika. Alitaka tochi akashika redio. Alitaka pingu akashika mfuko wa suruali. Akiambiwa "Chumvi!" na mdogo wao, alitafuta chumvi. Sababu niliiona mapema kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikifumua na kushona. Kila usiku alikuwa akivihamisha vifuko, hiki kidogo mbele, kile kidogo nyuma, kwa ajili ya kioo. Mjomba alipanga mara moja. Shemeji alipanga upya kila alipojitazama.

Watoto walipochoka kumshinda yeye wakamgeukia Bibi. "Bibi, ufunguo wa kabati!" Bibi hakuacha kupeta mchele. Mkono wa kushoto ulishuka kiunoni, kwenye pindo la kikwembe, ukarudi na ufunguo. "Dawa ya presha!" Kulia, nyuma kidogo, kifuko cha plastiki. "Hela!" Kibindoni, fundo, na fundo lilifunguliwa kwa vidole viwili. "Leso!" Ikatoka. Wakajaribu kumkamata kwa kutaja haraka haraka, hawakuweza, na macho yake hayakutoka kwenye ungo hata mara moja.

"Bibi umejifunza wapi?"

"Tangu niolewe sijavihamisha."

Shemeji alisikia. Hakusema kitu, lakini kesho yake aliniletea mkanda akaomba niushonee vifuko moja kwa moja, pale pale Mjomba alipoviweka, kwa namba 18, visihamike tena hata akitaka.

Alikwenda mafunzoni kwa miguu, alfajiri, kwa kuwa mafuta yalikuwa hayapatikani na pikipiki zilikuwa haziruhusiwi kuingia katikati ya jiji tangu Machi 2022. Jioni tulimngoja wote. Mwalimu, alituambia, aliuvuta mkanda juu na chini, akamlaza kifudifudi, akamkimbiza, akamkalisha ndani ya gari na kumtoa. Akauliza ndani yake kuna nini. Shemeji akajibu: Toyota na bidoni. Mkanda ukapita.

Ala haikupita. Ilipendwa kwa sura, ila bastola ya plastiki ilipochomolewa, mdomo wa ngozi ulijifunga nyuma yake. Ili kuirudisha ingebidi aufungue kwa mkono wa kushoto, na kiganja kingekuwa mbele ya mtutu. Mwalimu alimwonyesha hilo mara moja tu, kwa bastola isiyo na uwezo wa kumdhuru mtu, na shemeji anasema kiganja kilimwasha hata hivyo. Alipewa ala ngumu ya plastiki kutoka stoo. Ile ya ngozi Bibi anawekea miwani yake, na kwa miwani mdomo unaojifunga ndio hasa unaotakiwa.

Jumapili iliyofuata vijana wawili wa darasa lake walipiga hodi, kila mmoja na mkanda wa gari aliokunja mkononi. Nilikuwa bado natafuta sindano Bibi alipofika mlangoni kabla yangu. Hakuwauliza majina wala kampuni. Aliwatazama mikono.

"Na mabidoni yenu yako wapi?"